Bei ya Kura

Ijumaa ya tarehe 12 Juni 2015, Rais Barack Obama alitoka Ikulu mjini Washington akaenda hadi jengo la Bunge, akakutana faraghani na wabunge wa chama chake cha Democratic, akawaomba kura. Hoja iliyokuwa mezani haikuwa ngeni kwao. Ulikuwa mpango wa kuwasaidia wafanyakazi wanaopoteza ajira kwa ushindani wa bidhaa kutoka nje, mpango ambao chama hicho kilikuwa kimeulea kwa zaidi ya miaka 50. Saa chache baadaye Baraza la Wawakilishi lilipiga kura na mpango ukaanguka vibaya: wabunge 126 waliuunga mkono, 302 waliukataa. Wademokrat waliosema ndiyo walikuwa 40 tu. Nancy Pelosi, kiongozi wao katika Baraza hilo, alisimama ukumbini akatangaza kwamba yeye naye anaupinga.

Si kwamba walikuwa wameuchukia mpango wenyewe. Seneti ilikuwa imeufunga pamoja na muswada mwingine, ule wa kumpa Rais mamlaka ya kujadili mikataba mikubwa ya biashara na kuileta bungeni ipigiwe kura ya ndiyo au hapana, bila kubadilishwa hata mstari mmoja. Vyama vya wafanyakazi viliuogopa muswada huo wa pili, na wabunge walijua kwamba mmoja ukianguka, mwenzake umekwama. Kamba hukatikia palipo pembamba, nao walikatia hapohapo.

Viongozi wakajipanga upya. Msaada wa wafanyakazi ukahamishiwa katika sheria nyingine, sheria hiyo ikapita tarehe 25 Juni kwa kura 286 dhidi ya 138, na Obama akaitia saini siku nne baadaye. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaijua sheria hiyo kwa kipande chake kingine: ndiyo iliyoongeza muda wa AGOA, mpango ulioruhusu nguo za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, kwa miaka kumi hadi Septemba 2025. Mshonaji wa suruali za jinzi wa Athi River na fundi aliyeachishwa kazi kiwandani Ohio walikutana katika sheria moja. Mmoja alifunguliwa soko, mwingine aliahidiwa kupozwa machungu ya soko hilohilo.

Mpango huo wa Msaada wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Biashara hujulikana kwa kifupi kama TAA. Ulizaliwa kama malipo ya kura, ukaishi kwa kalenda ya mikataba ya biashara, na ukakoma pale ambapo hapakuwa tena na kura ya kununua. Waliokuwa wakiutegemea walikuwa watu wa kweli, wenye mikopo ya nyumba na watoto shuleni, na kalenda yao haikulingana kamwe na kalenda ya Washington.

Wazo lenyewe lilikuwa safi. Mwaka 1954 David McDonald, rais wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, aliketi katika tume iliyoundwa chini ya Rais Eisenhower kuchunguza biashara ya nje. McDonald hakuwa adui wa biashara huria. Hoja yake ilikuwa ya haki: ushuru ukipunguzwa, faida inaenea kwa taifa zima, bei zinashuka dukani na viwanda vinavyouza nje vinapanuka, lakini hasara inaangukia watu wachache, mara nyingi wa mji mmoja, ambao hawakuulizwa. Kama taifa ndilo linalofaidi, taifa ndilo lilipe. Tume haikulikubali pendekezo lake. Aliyelichukua ni seneta kijana wa Massachusetts, jimbo ambalo viwanda vyake vya nguo na viatu vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine. Jina lake John F. Kennedy.

Miaka minane baadaye Kennedy alikuwa Rais, na alitaka Bunge limruhusu kupunguza ushuru kwa hadi nusu katika mazungumzo na Ulaya. Alihitaji vyama vya wafanyakazi viwe upande wake. Pendekezo la McDonald likatolewa kabatini, na Sheria ya Upanuzi wa Biashara ya Oktoba 1962 ikaahidi mambo ambayo kwa wakati ule yalikuwa makubwa: asilimia 65 ya mshahara kwa hadi wiki 52, mafunzo ya kazi mpya, na nauli ya kuhamia palipo na ajira.

Ahadi ilikuwa nono, lakini mlango ulikuwa mwembamba mno. Mfanyakazi alitakiwa kuthibitisha mambo mawili mbele ya Tume ya Ushuru. Kwanza, kwamba bidhaa kutoka nje zimeongezeka, na sababu kuu ya ongezeko hilo ni punguzo la ushuru ambalo Marekani ililitoa katika mkataba. Pili, kwamba ongezeko hilo ndilo sababu kuu ya yeye kukosa kazi. “Sababu kuu” ilitafsiriwa kuwa ni ile inayozidi uzito wa sababu nyingine zote zikiwekwa pamoja. Sasa kiwanda cha viatu hakifi kwa ugonjwa mmoja. Mashine zimechakaa, mitindo imebadilika, mwenye mali amehamishia mtaji wake majimbo ya kusini ambako mishahara ni midogo, na viatu vya kutoka nje navyo vimejaa madukani. Nani atazipima sababu zote hizo na kuonyesha kwamba ile ya ushuru inazishinda? Kuanzia 1962 hadi Novemba 1969, hakuna ombi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa. Miaka saba mizima, nchi nzima, hata moja.

Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakaanza kuuita mpango huo bima ya maziko. Walimaanisha kwamba hata ukilipwa, unalipwa ukiwa umeshakufa; wao walitaka viwanda visife. Shirikisho lao kubwa, AFL-CIO, lililoiunga mkono sheria ya 1962, lilikuwa limegeuka kabisa serikali iliporudi tena kuomba mamlaka ya kujadili mikataba.

Serikali ilijibu kwa kupandisha bei. Sheria ya Biashara ya 1974 iliuhamishia mpango Wizara ya Kazi, ikapandisha posho hadi asilimia 70 ya mshahara, na ikalegeza sharti: sasa ilitosha kwamba bidhaa kutoka nje “zimechangia kwa kiasi kikubwa” kupotea kwa ajira. Mlango ukafunguka, na mwaka 1980 umati ukaingia. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, Wamarekani wakayakimbia magari yao makubwa na kununua magari madogo ya Kijapani, na viwanda vya Detroit vikaanza kuwarudisha watu nyumbani kwa makundi. Zaidi ya watu 500,000 walilipwa mwaka huo, kwa gharama ya takriban dola bilioni 1.6. Wengi wao walikuwa wamesimamishwa kwa muda tu na baadaye walirudi kwenye mashine zilezile. Wapinzani hawakuhitaji hoja nyingine. Mwaka 1981 serikali ya Ronald Reagan ilishusha posho hadi kiwango cha mafao ya kawaida ya kukosa ajira, na ikaamuru ianze kulipwa pale tu mafao hayo yanapokwisha. Kuanzia 1988 aliyetaka posho alitakiwa pia awe darasani.

Hapo ndipo mpango ulipopata sura uliyodumu nayo kwa zaidi ya miaka 30: ukipoteza kazi, rudi shule.

Ili kupata nafasi hiyo ya kusoma, safari ilianza na karatasi. Wafanyakazi watatu wa kiwanda kimoja, au chama chao, au mwajiri, au afisa wa ofisi ya ajira ya jimbo, walijaza fomu ya ombi na kuipeleka Wizara ya Kazi mjini Washington. Fomu ilitaka jina la kampuni, bidhaa iliyokuwa ikitengenezwa, tarehe ya kuachishwa, na maelezo ya kwa nini waliamini kwamba biashara ya nje ilihusika. Afisa uchunguzi alilichukua faili, akaiandikia kampuni kuomba takwimu zake za mauzo, na mara nyingine akawaandikia wateja wa kampuni hiyo kuwauliza kama wameanza kununua nje. Sheria ilimpa siku 40 za kuamua. Akikubali, cheti kiliwafunika wote walioachishwa katika kitengo hicho kuanzia mwaka mmoja kabla ya tarehe ya ombi. Aliyeachishwa miezi 13 kabla hakuwamo, ingawa alikaa mashine moja na aliyekuwamo. Mama aliyeuza chakula getini naye hakuwamo, wala kinyozi wa mtaa wa jirani, ingawa wateja wao wote walitoka ndani ya lile geti.

Walioandika programu za kompyuta waligonga ukuta wa aina nyingine. Kazi zao zilipohamishiwa India miaka ya mwanzo ya 2000, wizara iliwajibu kwamba sheria inawahusu wanaotengeneza bidhaa, na programu isiyowekwa kwenye diski au kitu kingine cha kushikika si bidhaa. Walikwenda Mahakama ya Marekani ya Biashara ya Kimataifa mjini New York, ambako majaji waliikosoa wizara kwa uchunguzi wa juujuu. Wizara ililegeza msimamo mwaka 2006, na Bunge likawaingiza rasmi wafanyakazi wa huduma mwaka 2009. Walioachishwa mwaka 2002 walikuwa wameshajitafutia njia nyingine.

Mahali ambapo mpango huu unaonekana vizuri, kwa wema wake na kwa mapungufu yake, ni Kannapolis, North Carolina. Huu ni mji uliozaliwa na kiwanda. James William Cannon alianza biashara ya pamba mwaka 1887 katika mji jirani wa Concord, na mwanzoni mwa karne iliyofuata akanunua mashamba kaskazini mwa hapo, akajenga kiwanda cha taulo na kukizungushia nyumba za wafanyakazi. Kampuni ilimiliki nyumba na maduka ya katikati ya mji. Kannapolis haikuwa na serikali yake ya mji hadi mwaka 1984. Kwa vizazi vitatu kijana alikuwa anaweza kuacha shule akiwa na miaka 16 na kuingia kusokota nyuzi au kufuma taulo pale alipoingia baba yake na bibi yake, na hakuna aliyemwona mjinga. Kazi ilikuwepo, na cheti kisingemwongezea senti kwenye mshahara wa mfumaji.

Tarehe 30 Julai 2003 kampuni ya Pillowtex, iliyokuwa imevirithi viwanda vya Cannon, ilifunga milango. Ilikuwa imefilisika mara moja mwaka 2000, ikainuka, na safari hii haikuinuka tena. Zaidi ya watu 6,000 waliachishwa siku hiyo, na hesabu ya mwisho ikafika karibu 7,650 nchini kote. Takriban 4,800 kati yao walikuwa North Carolina. Katika historia ya jimbo hilo haijawahi kutokea kampuni moja kuachisha watu wengi kiasi hicho kwa siku moja.

Waliidhinishiwa TAA haraka, na hapo saa ya sheria ikaanza kugonga. Kwa kanuni za wakati ule, mtu alitakiwa awe ameandikishwa kwenye mafunzo kabla ya kwisha kwa wiki ya 8 tangu cheti kitoke, au wiki ya 16 tangu aachishwe, ile itakayochelewa zaidi. Hapo kwanza ajue anataka kusomea nini, jambo ambalo mtu aliyefanya kazi moja tangu akiwa na miaka 16 hajawahi kuulizwa. Kisha ipigwe hesabu ya muda: wiki 26 za mafao ya jimbo, wiki 26 za posho ya TAA, na wiki 52 zaidi kama yuko masomoni. Jumla 104. Miaka miwili inatosha kumtoa mtu mwenye cheti cha sekondari na kumfikisha kwenye uuguzi au ufundi wa viyoyozi. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wa Pillowtex hawakuwa na cheti hicho. Chuo cha umma cha eneo hilo, Rowan-Cabarrus, kiliwapokea watu wa miaka 45, 50, 58, waliotakiwa kuanza na kusoma na hesabu, wafanye mtihani wa kupata cheti cha sekondari, ndipo waguse somo la kazi yenyewe. Sheria iliwaongezea wiki 26 kwa masomo hayo ya awali. Mama aliyeanza na sehemu na desimali mwezi Septemba alikuwa na wiki 130 za kupita njia ambayo kijana hupewa miaka sita kuipita.

Wapo waliofika. Kannapolis na miji yake ya jirani ilipata wauguzi wasaidizi, makarani wa hospitali na mafundi wa umeme ambao mikono yao ilikuwa imezoea nyuzi. Ni haki hilo lisemwe kwa heshima, maana kukaa darasani na wanafunzi wa umri wa wajukuu zako, huku notisi ya benki iko mezani nyumbani, kunataka moyo. Wengine waliacha kwa sababu posho ilikuwa ndogo na kazi ya duka ilikuwa inapatikana leo. Bima ya afya nayo iliondoka na kiwanda. Bunge lilikuwa limeanzisha mwaka 2002 nafuu ya kodi iliyolipa asilimia 65 ya bima kwa watu wa TAA, ila asilimia 35 iliyobaki ilimshinda mtu anayeishi kwa mafao ya kukosa ajira. Mwenye kisukari wa miaka 57 hakuwa na muda wa kungoja Bunge lirekebishe asilimia.

Kiwanda kikuu kilibomolewa. David Murdock, tajiri aliyewahi kuimiliki Cannon miaka ya 1980, alinunua kiwanja mwaka 2004 na pakajengwa kituo kikubwa cha utafiti wa chakula na afya kilichofunguliwa mwaka 2008. Ni majengo mazuri. Kazi nyingi za ndani yake zinataka elimu ya chuo kikuu.

Miezi 17 baada ya Pillowtex kufungwa, tarehe 1 Januari 2005, mfumo wa dunia uliokuwa ukigawa mafungu ya uuzaji wa nguo kwa kila nchi ulifikia kikomo, na China ikafunguliwa njia ya kuuza zaidi. Pigo hilo halikuishia Carolina. Lilifika pia Nairobi, Athi River na Mombasa, ambako viwanda kadhaa vya maeneo maalumu ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje (EPZ), vilivyofunguliwa kwa ajili ya AGOA, vilifunga au kupunguza watu. Wengi wa waliokuwa ndani walikuwa wanawake vijana wa mikataba mifupi. Hata leo sheria ya ajira ya Kenya inampa anayepunguzwa kazini siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliotumikia, na kwa aliyetumikia miaka miwili hiyo ni mwezi mmoja. Hapakuwa na fomu ya kwenda Nairobi kueleza kwamba aliyekuondoa ni China. Ni vizuri kulikumbuka hilo unapoihukumu TAA: palikuwa na nchi iliyokiri kwa sheria kwamba biashara ina majeruhi wake na kwamba serikali inadaiwa nao.

Je, msaada huo ulisaidia? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la kukatisha tamaa. Tathmini kubwa iliyofanywa kwa ajili ya Wizara ya Kazi na kutolewa mwaka 2012 iliwafuatilia washiriki kwa miaka minne na kukuta wanapata kipato kidogo kuliko watu waliofanana nao ambao hawakuingia TAA. Mwandishi Amy Goldstein alikuta hali kama hiyo mjini Janesville, Wisconsin, ambako General Motors ilisimamisha kiwanda chake siku mbili kabla ya Krismasi ya 2008: waliorudi shule, kwa wastani, walilipwa kidogo kuliko ambao hawakurudi. 

Kisha akaja mchumi Benjamin Hyman na swali la werevu zaidi. Aligundua kwamba maafisa uchunguzi wa Washington hawakufanana: wapo walioidhinisha kwa wepesi, wapo waliokuwa wagumu, na faili lilimwangukia yeyote kati yao karibu kwa bahati. Kwa hiyo unaweza kulinganisha wafanyakazi waliofanana kwa kila kitu isipokuwa meza ambayo ombi lao lilitua. Matokeo yake ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba walioidhinishwa na kupata mafunzo walipata, ndani ya miaka kumi, takriban dola 50,000 zaidi ya wenzao, ingawa tofauti ya kipato cha kila mwaka ilikuwa imezibika mwongo ulipomalizika. Ni habari njema kwa mafunzo. Kwa haki ni habari mbaya sana, kwa maana dola 50,000 za familia moja zilitegemea ni afisa gani alilifungua faili.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote katika TAA kilikuwa kipande kidogo ambacho watu wachache walikijua. Ilikuwa bima ya mshahara, iliyoanzishwa kwa majaribio mwaka 2002 kwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Mfumaji aliyekuwa akilipwa dola 15 kwa saa akipata kazi ya dola 11, serikali ilimlipa nusu ya pengo, dola mbili kwa kila saa, kwa miaka miwili, jumla isizidi dola 10,000. Hakuhitaji kukaa darasani. Hyman na wenzake wawili, Brian Kovak na Adam Leive, waliwalinganisha waliokuwa wamevuka kidogo miaka 50 na waliokuwa hawajafika, wakakuta waliostahili bima hiyo walirudi kazini mapema na kupata kipato kikubwa zaidi katika miaka iliyofuata. Fedha za serikali zilirudi kupitia kodi na kupitia mafao ambayo hayakulipwa. Mtu wa miaka 52 anajua kazi ipo, kinachomzuia ni aibu na hofu ya kushuka. Dola mbili kwa saa zinamsaidia kumeza vyote viwili.

Lakini hata TAA ingefanya kila kitu vizuri, ilikuwa ndogo mno kwa kilichokuja. China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Ajira za viwandani Marekani, zilizokuwa zaidi ya milioni 17 mwaka 2000, zilishuka hadi karibu milioni 11.5 mwanzoni mwa 2010, na ingawa mdororo wa uchumi na mashine mpya vina sehemu yao, ushindani wa China una sehemu isiyokanushika. David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walipima mwaka 2013 fedha za serikali zilizokwenda katika maeneo yaliyopigwa na bidhaa za China. Kwa kila dola 1,000 za ushindani huo kwa mfanyakazi, malipo ya ulemavu yaliongezeka kwa dola 8 na senti kadhaa kwa kila mkazi. Malipo ya TAA yaliongezeka kwa senti 23. Watu walikwenda kwenye mgongo unaouma na daktari wa kusaini fomu ya ulemavu, kwa sababu huko hakuna aliyewataka wathibitishe kwamba Shenzhen ya China ndiyo iliyowaumiza, na ukishaingia hutoki baada ya wiki 104. Wengi hawakurudi kazini maisha yao yote.

Kwamba serikali ya Marekani ingeweza kufanya vinginevyo, ilionyesha yenyewe mwaka 2018. Rais Donald Trump aliziwekea bidhaa za China ushuru mpya, China ikajibu kwa kuyawekea ushuru maharage ya soya ya Marekani, na bei ikaporomoka. Mwezi Julai Wizara ya Kilimo ikatangaza msaada wa hadi dola bilioni 12, kisha mwaka uliofuata bilioni 16 nyingine. Hazikupitia kura mpya ya Bunge. Mkulima alionyesha mavuno yake akalipwa dola 1.65 kwa kila busheli ya soya, bila kutakiwa kuthibitisha kwamba hasara yake imetokana na China na si mvua wala mkopo wa trekta. Kwa miaka hiyo miwili wakulima walipokea zaidi ya dola bilioni 20. Fungu la mafunzo la TAA kwa majimbo yote lilikuwa na ukomo wa dola milioni 450 kwa mwaka. Wakulima walistahili kusaidiwa, na wepesi ule ndio kipimo cha kile ambacho mfumaji wa taulo alinyimwa.

Wapo walioliepuka swali la “nani aliichukua kazi yako” tangu mwanzo. Sweden, nchi inayoishi kwa biashara ya nje kuliko Marekani, ina mifuko inayoendeshwa kwa pamoja na waajiri na vyama vya wafanyakazi, na kwa wafanyakazi wa viwandani upo mmoja, TSL, ulioundwa mwaka 2004. Waajiri huuchangia asilimia ndogo ya mishahara, na kiwanda kikipunguza watu, mshauri wa kutafuta kazi hupatikana mara moja. Kama kazi imechukuliwa na Poland, na roboti au na uzembe wa meneja, hilo halimo kwenye fomu.

Sheria ya 2015 ilikuwa na tarehe yake ya kufa. Tarehe 1 Julai 2021 mpango ulirudishwa kwenye masharti ya zamani, wafanyakazi wa huduma wakatolewa tena, na tarehe 1 Julai 2022 mlango ukafungwa. Wademokrat walikuwa wameuingiza katika muswada mkubwa wa Baraza la Wawakilishi uliozaa sheria ya viwanda vya chipu, lakini sheria hiyo ilipopita mwaka huohuo TAA haikuwamo. Warepublican walisema wazi kwamba mpango huo siku zote uliendana na mamlaka ya Rais ya kujadili mikataba, na Rais Joe Biden hakuwa na mkataba mkubwa wa biashara aliouombea mamlaka hayo. Waliokwisha kuidhinishwa waliruhusiwa kumalizia masomo. Ombi jipya linaweza kupelekwa wizarani, ila wizara hairuhusiwi kulichunguza wala kuliidhinisha.

North Carolina, wakati huohuo, ilikuwa imeshapunguza kinga yake yenyewe. Mfanyakazi wa Pillowtex alianza na wiki 26 za mafao ya jimbo. Sheria ya jimbo ya mwaka 2013 ilifungamanisha idadi ya wiki na kiwango cha ukosefu wa ajira, na hali ya ajira ikiwa nzuri jimboni kote, mwisho ni wiki 12. Kiwanda kikifungwa leo Kannapolis na mashine zake zikahamishiwa Mexico, mfanyakazi wa miaka 55 anapata wiki hizo 12, pamoja na haki ya kuomba nafasi katika mafunzo ya jumla ya waliopunguzwa kazini, ambayo kwa kawaida hayaji na posho ya kula wakati anasoma.